Hao Askari Walikula Nini?

Swali lililonifanya niandike makala haya sikuulizwa darasani. Niliulizwa barazani, hapa Ujiji, na bibi mmoja aliyekuwa akichambua dagaa kwenye ungo huku mjukuu wake, mwanafunzi wa kidato cha sita, akinisomea kwa sauti beti za utenzi wa vita. Kijana alikuwa amepewa kazi ya kulinganisha namna washairi wawili wanavyovisawiri vita, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kiingereza, naye aliniomba nimsikilize kabla hajaanza kuandika. Bibi alinyamaza kwa muda mrefu, beti thelathini au zaidi zilizojaa mizinga, manowari, bendera na majina ya wakubwa. Kisha akainua uso na kusema, "Mwalimu, hao askari walikula nini?"

Nilitaka kumjibu upesi, kwa sauti ile ya mwalimu, kwamba utenzi hauhusiki na mambo ya chakula. Maneno hayakutoka. Nimefundisha fasihi kwa zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka hiyo yote nimewauliza wanafunzi kuhusu dhamira, tamathali za semi, muundo, mtindo na msimamo wa mshairi. Sijawahi hata siku moja kuwauliza watu waliomo ndani ya shairi walikula nini.

Bibi hakuuliza kwa kutojua vita. Kabla ya kuhamia Ujiji kwa binti yake aliishi Kagunga, kijiji cha kaskazini kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka wa Burundi, ambako wengi wetu hufika kwa boti. Mwezi wa Mei mwaka 2015, machafuko yalipozuka Burundi, makumi ya maelfu ya watu walimiminika katika ufukwe ule mwembamba. Kipindupindu kikaingia. Meli ya MV Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua watu na kuwaleta Kigoma, na kutoka hapa wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Bibi hakuwa mkimbizi. Alikuwa mwenyeji, mtu mwenye jiko, na ugomvi wa watu wengine ulimfikia ukiwa midomo yenye njaa mlangoni pake. Mjukuu wake alikuwa mtoto mdogo wakati huo, lakini anakumbuka.

Tangu jioni ile nimezisoma upya tenzi na mashairi ya vita niliyo nayo nikiwa na swali la bibi mkononi kama taa. Nimetambua jambo ambalo sikuliona nilipokuwa nikifundisha. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba washairi wa vita hugawanyika makundi mawili, wanaosifu na wanaolaani, na kwamba kazi yao ni kulitia kila shairi katika kundi lake. Sasa naona kwamba kabla mshairi hajasifu wala kulaani, umbo la shairi lake limekwisha kuamua ni sehemu gani ya vita itaingia na ni ipi itabaki nje mlangoni.

Nianze na utenzi aliokuwa akiusoma kijana, Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy. Wadachi ni Wajerumani, na Mrima ni pwani yetu. Unahusu vita vya pwani vilivyoanza mwaka 1888, baada ya kampuni ya Kijerumani kukabidhiwa usimamizi wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na watu wa Pangani, Sadani, Bagamoyo na kwingineko wakakataa. Bushiri bin Salim aliongoza mapambano hayo hadi alipokamatwa na kunyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Sadani aliendelea kupigana hadi mwaka uliofuata. Mshairi wetu alikuwa mtu wa pwani hiyo hiyo, wa ukoo wa wanazuoni, na aliandika kwa herufi za Kiarabu, akiwaandikia watu waliojua kila mji anaoutaja na pengine kila mtu.

Litazame neno moja tu katika jina la utenzi huo: kutamalaki. Wajerumani wenyewe waliviita vita hivyo uasi wa Waarabu. Neno uasi linadai kwamba palikuwa na mamlaka halali na watu wakaikaidi. Neno kutamalaki linasema kinyume chake, kwamba kulikuwa na nchi yenye wenyewe, kisha akaja mtu akajimilikisha. Hata mwaka unaofuata jina hilo, ambao ni 1307, umehesabiwa kwa Hijra, kalenda ya Kiislamu, kana kwamba kalenda ya mgeni bado haijapata ruhusa ya kuingia katika kumbukumbu. Mwanafunzi anayetafuta msimamo wa mshairi hana haja ya kungoja hadi ubeti wa mia. Umekwisha kutamkwa mlangoni. Nimeiona tabia hii katika ushairi mwingi wa vita, kwamba ugomvi wa kwanza huwa ni ugomvi wa jina, na mshairi aliyeshinda hapo amekwisha kufanya nusu ya kazi yake.

Kisha liko umbo lenyewe. Ubeti wa utenzi una mishororo minne ya mizani nane nane. Mishororo mitatu ya kwanza hufanana vina, na wa nne hubeba kina cha bahari, ambacho hurudi katika kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho, hata kama beti ni elfu. Nimewahi kusikia watu wakilalamika kwamba umbo hili linachosha. Mimi naliona kama hatua za msafara. Mji unashambuliwa, kina cha bahari kinarudi. Kiongozi anauawa, kina cha bahari kinarudi. Ubeti unaofuata unaanza na safari inaendelea. Kwa namna hiyo mauti ya mtu mmoja hayapewi nafasi ya kuusimamisha ulimwengu. Vilevile utenzi ni kitu cha kusomwa mbele ya watu, kwa mahadhi, na mpangilio wake husaidia masikio kushika majina. Hemedi anahifadhi ushahidi wa jamii. Anataka ijulikane nani alikuja, nani alikataa, nani alisaliti, nani alikufa, na wapi. Hana huruma hata chembe kwa Wadachi, na hadai kuwa nayo. Shahidi wa upande mmoja bado ni shahidi, maadamu amesema wazi upande wake.

Tena hakuwa peke yake uwanjani. Mwaka 1907 Mjerumani Carl Velten alichapisha mkusanyo wa nathari na ushairi wa Waswahili, na humo yamo mashairi yanayousifu utawala wa Wajerumani na ushindi wao. Lugha ni ile ile na kanuni za vina ni zile zile. Nilipokuwa kijana jambo hili liliniudhi sana, kwa sababu nilidhani kwamba ushairi wa Kiswahili ulipaswa kuwa na moyo mmoja. Leo naona kwamba hapo ndipo unapolinganisha kitu na kitu. Umbo moja limewachukua wapinzani na wasifiaji, na limewachukua wote kwa mwendo ule ule wa utulivu, likiwapa wote sauti ya mtu anayeeleza jambo lililokwisha kuamuliwa.

Utenzi unaonitatiza zaidi ni ule wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Vita vile vilianza mwezi wa Julai 1905, vikaenea kusini yote, na wanahistoria wanakadiria kwamba watu waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao si kwa risasi bali kwa njaa, kwa kuwa majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala ya nafaka kwa makusudi. Abdul Karim aliandika wakati Wajerumani bado wanatawala, akiwa mtu wa mji wa pwani anayevitazama vita vilivyotoka bara. Msomaji hawezi kumtia mfukoni kwa urahisi. Hamfuati Hemedi katika kuwashutumu wageni waziwazi, na hawatazami wapiganaji wa maji kwa jicho la ndugu wa damu. Kuna woga ndani yake, na kuna masikitiko, na vyote viwili vimevaa kanzu moja ya mizani nane. Nimemwambia kijana asijaribu kumsafisha mshairi huyu wala kumhukumu haraka. Mtu anayeandika juu ya vita huku mshindi akiwa ameketi ofisini mtaa wa pili huandika pia kwa yale anayoyanyamazia.

Juu ya tenzi hizi zote kimesimama kivuli cha Utendi wa Tambuka wa Bwana Mwengo wa Athumani, ulioandikwa Pate mwaka 1728. Unasimulia mapambano ya Waislamu na jeshi la Herekali, mfalme wa Rumi, yaliyotokea zaidi ya miaka elfu moja kabla ya mshairi kushika kalamu. Huko mashujaa hupigana ana kwa ana, na mbingu zina upande. Sitakaa hapa, ila niseme tu kwamba malenga wa karne ya kumi na tisa alipouona mzinga wa Mjerumani alikuwa amekwisha kurithi lugha ya upanga, na ilimbidi aulazimishe mzinga uingie katika lugha hiyo.

Sasa nije kwa Mwingereza wa kijana wetu. Wilfred Owen alikuwa ofisa wa jeshi katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliugua kwa mshtuko wa vita, akatibiwa katika hospitali moja huko Scotland, na ni huko, mwaka 1917, alikoandika rasimu ya shairi lake maarufu kuhusu shambulio la gesi. Alirudi vitani. Aliuawa tarehe 4 Novemba 1918 akiwa na umri wa miaka 25, na habari za kifo chake ziliwafikia wazazi wake tarehe 11 Novemba, siku vita vilipokoma, kengele za furaha zikilia mjini. Shairi la gesi linaanza na askari walioinama kama ombaomba wazee chini ya mizigo, wakikohoa, wakikokota miguu matopeni, wengi wao bila viatu. Gesi inaporushwa mmoja wao anachelewa kuvaa kinyago chake, na mshairi anamwona kupitia kioo cha kinyago akizama kama mtu aliye chini ya bahari ya kijani. Mwishoni Owen anaukamata msemo wa mshairi wa Kirumi, Horace, kwamba ni tamu na ni heshima kufa kwa ajili ya nchi, na kuuita uongo wa zamani.

Angalia kilichobadilika. Katika tenzi zetu kila mtu ana jina na kila mahali pana jina. Katika shairi la Owen aliyezama hana jina wala kijiji, na mahali pale pangeweza kuwa popote penye matope. Hemedi anaviona vita kutoka kwenye mnara wa mji, macho yake yakichukua merikebu na majeshi. Owen yuko hatua chache tu, kioo kikiwa mbele ya macho, haoni kitu kingine ila mwili mmoja. Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba mtazamo wa Owen ndio ukweli na kwamba utenzi ni propaganda. Naitubia kauli hiyo hapa mbele ya wasomaji wangu. Jeshi ambalo Owen analisikitikia lilikuwa na waandishi wa magazeti, na makarani wa kuandika jina la kila Mwingereza aliyekufa, na mawe ya makaburi. Mshairi alikuwa huru kuliacha jina kwa sababu wengine walikuwa wakilihifadhi. Hemedi hakuwa na karani. Asingemtaja yeye mtu wake, nani angemtaja?

Lakini kuna shairi jingine la Owen ambalo nimelisoma mara nyingi zaidi, lile la makutano ya ajabu. Askari anateremka katika handaki refu lenye giza, anawakuta waliolala wakigugumia, na mmoja wao anainuka na kumtazama kama anayemfahamu. Wanazungumza kwa muda, juu ya miaka iliyopotea na mambo ambayo hayatasemwa tena. Kisha yule mtu anajitambulisha: yeye ni adui aliyeuawa jana na huyu anayemsikiliza, na anamwita rafiki.

Shairi hilo lina jambo la ufundi ambalo mswahili aliyelelewa katika ushairi atalisikia kabla hata hajaelewa maneno. Vina vyake havikamiliki. Konsonanti zinarudi lakini irabu inabadilika, kama vile katika Kiswahili mtu angemaliza mshororo mmoja kwa pata na wa pili kwa pita, au mmoja kwa kosa na wa pili kwa kisa. Sikio linanyosha mkono kupokea kina na kinapita pembeni. Sisi tuna neno la shairi kama hilo, tunaliita guni, na malenga wangemrudishia mwandishi akalitengeneze. Hata mimi ningemwekea mwanafunzi alama nyekundu. Owen alilifanya kwa makusudi, tangu mwanzo hadi mwisho. Wauaji wawili wanaofanana karibu kila kitu na kutofautiana kidogo tu, yaani kwa sare waliyovaa, wamekutana katika vina vinavyofanana karibu kila kitu na kutofautiana kidogo. Kidonda kimo ndani ya kina chenyewe. Nilipomweleza kijana jambo hili aliacha kalamu na kunitazama, na nikaona kwamba somo limemwingia mahali ambapo mihadhara yangu haikuwahi kufika.

Katika tenzi nilizozitaja maadui wawili hawapati kukaa pamoja namna hiyo. Kina cha bahari hakiwapi nafasi, kinawasukuma mbele.

Mtu atauliza kuhusu Mwingereza Alfred Tennyson na shairi lake la wapanda farasi mia sita waliopigana Balaclava. Ni shairi la kwato: mshairi aliyasoma mambo hayo gazetini, Uingereza, mwaka 1854, akayageuza kuwa mwendo wa farasi wanaokwenda mbio kwenye mizinga kwa amri ambayo yeye mwenyewe anakiri ilikuwa ya makosa. Anakiri kosa, na bado hapunguzi mwendo. Hapo anafanana na malenga wa tenzi kuliko anavyofanana na Owen, ingawa walitumia lugha moja yeye na Owen.

Nirudi kwenye swali la bibi, kwa kuwa limenikalia. Askari walikula nini? Katika vita vya 1914 hadi 1918 hapa Afrika Mashariki jibu linajulikana vizuri sana: walikula kilichobebwa vichwani na mabegani na watu. Magari hayakufaa na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Jeshi la Uingereza peke yake lilipoteza zaidi ya wapagazi 95,000, wengi kwa kuhara, homa na utapiamlo, yaani wabeba chakula walikufa kwa njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi chao. Huku kwetu majeshi ya Wabelgiji yalichukua Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, yakafuata njia ya reli na kuingia Tabora tarehe 19 Septemba mwaka huo huo, na kila hatua yao kuelekea nchi ya Wanyamwezi, ambao walikuwa wapagazi mashuhuri tangu zama za misafara, ilihitaji migongo ya watu. Siku chache kabla ya Kigoma kuchukuliwa, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen karibu na mdomo wa mto Malagarasi, wakiwa wamepaka mitambo yake grisi ili isiharibike. Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Meli iliyojengwa Papenburg, Ujerumani, kwa ajili ya mabwana wa vita vile ndiyo iliyokuja kuwapakia watoto wa Burundi pale Kagunga, karibu miaka mia baadaye. Ninapoiona bandarini huwa nafikiri juu ya wapagazi, ambao hawakuinuliwa na mtu.

Rupert Brooke, Mwingereza mwingine, aliandika mwaka 1914 kwamba akifa, kutakuwa na pembe moja ya shamba la ugenini ambayo milele itakuwa Uingereza. Alifariki Aprili 1915 ndani ya meli, kwa sumu iliyoingia katika damu, kabla ya kufika vitani Gallipoli. Ni shairi zuri, na siwezi kulisoma bila kukasirika. Wapagazi wetu hawakufa ugenini. Wengi walikufa katika ardhi yao, na ardhi hiyo haikuandikwa jina lao hata kwenye jiwe. Tume ya makaburi ya vita iliyo chini ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo katika taarifa yake ya mwaka 2021. Wakati huo huo, Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, ina maneno ya mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, aliyempoteza mwanawe katika vita hivyo, yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanayoahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Kuwa mguu na mkono wa mwili ambao kichwa chake kiko kwingine ni heshima ya namna gani? Hata hivyo ninamshukuru kwa neno moja, kwamba aliwataja. Katika rafu yangu hakuna utenzi wa wapagazi.

Shaaban Robert alijaribu kuvichukua vita vizima. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, uliochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufariki kwake, unakwenda maelfu ya beti, kutoka Ulaya hadi Asia. Hakuwa askari, alikuwa mtumishi wa serikali aliyevifuata vita kwa habari. Jina alilovipa linanishika kooni kila mara. Aliviita vita vya uhuru, kwa kuwa alimwona Hitler kuwa adui wa uhuru wa wanadamu wote, na aliviita hivyo wakati Tanganyika yenyewe haikuwa huru. Sijui kama kuna neno lililobeba matumaini mengi zaidi katika ushairi wetu wa vita. Baadaye vita vya Kagera vilipomalizika, mwaka 1981 Henry Muhanika alichapisha utenzi juu yake na juu ya anguko la Idi Amin, na hapo kina cha bahari kilikuwa kikihudumia nchi iliyoshambuliwa na ikashinda. Ni rahisi kuona kwa nini umbo lile lilimfaa.

Kijana aliandika insha yake, na aliiandika vizuri. Lakini wiki iliyofuata alikuja na kitu ambacho sikumwagiza, utenzi wake mwenyewe juu ya Kagunga, beti kumi na mbili, kwa kina cha bahari cha a. Alinisomea barazani pale pale, bibi akiwepo. Beti mbili zilikuwa hizi:

Walishuka na watoto
hawana hata kipeto
ufukweni pana joto
na maji ya kugombea.

Bibi ana debe moja
la mahindi, wamngoja
kila mmoja na haja
agawa kwa kisahani.

Nilimsimamisha kama nilivyozoea. Nilimwambia kwamba ubeti wa pili umeharibika, kwamba mizani iko sawa lakini bahari imekatika, na kwamba hilo ni guni. Alifikiri kidogo, akafuta mshororo wa mwisho, akaandika mwingine na kunisomea:

wote akawagawia.

Mizani nane, kina cha a, bahari imerudi. Nikatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Si wote," bibi akasema. Hakuinua macho kwenye ungo wake. "Debe lilikwisha jua likiwa hapa," akaonyesha kwa mkono usawa wa paa la jirani, "na watu walikuwa bado wanashuka. Kisahani kilikuwa cha chai, kile chenye ua. Mjukuu wangu alikiona."

Kijana alinitazama, akisubiri ruhusa. Nikamwambia airudishe mistari yake kama ilivyokuwa.